Kokoro, Timba na Bei ya Dagaa: Marufuku ya Zana Haramu za Uvuvi Inavyowagusa Wakazi wa Nyakatuntu

Kata ya Nyakatuntu haina mwalo, na mkazi wake haamki kwa sauti ya mawimbi. Hata hivyo, ni nadra kupita siku katika kata hii bila samaki wa Ziwa Victoria kupikwa mahali fulani: dagaa waliofika kwa magunia kutoka visiwa vya Wilaya ya Muleba, sangara aliyekaushwa kwa moshi, au vipande vya sato vilivyokaangwa kando ya barabara. Kadhalika, wapo vijana wa Kyerwa ambao mavuno ya kahawa yakiisha huondoka kwenda Bumbire, Goziba na visiwa vingine kutafuta kibarua cha uvuvi. Kwa sababu hizo mbili, kila Serikali inapokaza udhibiti wa zana za uvuvi ziwani, matokeo yake hupanda milima na kufika hadi genge la dagaa kijijini.

Makala haya yanaeleza zana zinazokatazwa, sababu za kukatazwa kwake, nani hubeba gharama ya katazo hilo, na sheria hiyo inamhusu vipi mkazi wa Nyakatuntu asiyemiliki hata ndoana.

Zana zenyewe

Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, ambazo zilifanyiwa marekebisho mwaka 2020. Sheria na kanuni hizo zinakataza, miongoni mwa mengine, kuvua kwa baruti, kwa sumu, kwa makokoro katika maji baridi, na kwa nyavu ambazo macho yake ni madogo kuliko kipimo kilichowekwa.

Kokoro ni wavu mrefu wenye mbawa mbili na mfuko katikati. Mtumbwi huuzungusha majini kwa umbo la nusu duara, kisha kundi la watu hushika kamba za pande zote mbili na kuuvuta hadi ufukweni. Kazi yake ni rahisi kujifunza na haihitaji injini, ndiyo maana ilipendwa sana. Ubaya wake upo pale unapopita. Maji ya kina kifupi kando ya ziwa ndiyo mazalia na malezi ya samaki wengi. Dume la sato huchimba kishimo mchangani na kukilinda. Jike hutaga humo, kisha huchukua mayai mdomoni na kuyaatamia hadi vifaranga wanapoweza kuogelea. Kokoro likipita, vishimo hufukiwa, majani ya majini hung'olewa, na jike lililonaswa hutema mayai au vifaranga vyake katika purukushani ya kutolewa majini. Mvuvi huondoka na samaki mmoja, lakini ziwa huwa limepoteza uzao mzima.

Timba ni jina ambalo wavuvi wameupa wavu wa uzi mmoja wa plastiki. Uzi huo hauonekani majini, hivyo samaki hajui kama kuna kizuizi mbele yake. Bei yake ni nafuu na hunasa vizuri, lakini hukatika upesi, na kipande kilichokatika hakiozi. Hubaki chini ya maji kikiendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala. Wavu wa nyuzi zilizosokotwa, ambao ndio unaoruhusiwa, ni ghali zaidi, lakini hushonwa ukichanika na kudumu muda mrefu.

Ipo pia njia inayoitwa katuli, ambapo wavuvi huzungushia wavu mahali penye samaki, kisha hupiga maji kwa mti ili samaki washtuke na kukimbilia wavuni. Njia hiyo huwakuta samaki walipojificha, mara nyingi mahali wanapozalia.

Kuhusu sumu hakuna haja ya maelezo marefu. Utupa umetumika tangu zamani katika vijito vingi vya Afrika Mashariki, na siku hizi wapo wanaotumia viuatilifu vya mashambani. Sumu hiyo haichagui samaki mkubwa na mdogo. Vilevile haichagui kati ya samaki na mtoto anayechota maji bondeni kilomita mbili chini ya hapo.

Kwa nini sentimita 50

Mbali na zana, kanuni zinaweka vipimo vya samaki. Sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50 na sato mwenye urefu chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa. Wananchi wengi huuliza kwa nini samaki mzima wa kutosha chakula cha familia aitwe mchanga.

Jibu lipo katika maisha ya samaki mwenyewe. Dume la sangara hukomaa likikaribia sentimita 50 au kuzidi kidogo. Jike hukomaa likiwa kubwa zaidi ya hapo. Sangara wa sentimita 30 anayeonekana mnono machoni pa mlaji hajawahi kuzaa hata mara moja. Akivuliwa, ziwa halijapata chochote kutoka kwake. Jike kubwa, kwa upande wake, hutaga mamilioni ya mayai kwa mara moja. Tofauti kati ya wavu wa macho madogo na wa macho makubwa ndiyo tofauti kati ya kumvua samaki kabla ya kuzaa na kumvua baada ya kuzaa.

Dagaa ni suala la namna nyingine. Huyu hukua na kuzaa katika muda usiofika mwaka mmoja, na kwa hiyo hustahimili kuvuliwa kwa wingi kuliko sangara. Shida huanza wavu wa dagaa unapotupwa karibu mno na ufukwe, au unapokuwa na macho madogo kupita kipimo: ndani yake hujaa vifaranga vya sangara na sato, ambavyo hukaushwa pamoja na dagaa na kuuzwa kama dagaa. Mama anayenunua kopo la dagaa sokoni na kukuta visamaki vyenye umbo tofauti humo, huenda ameona kwa macho yake samaki ambao wangekuwa wa kilo kadhaa baada ya miaka michache.

Inafaa pia kuweka jambo moja wazi, maana sokoni husemwa vinginevyo. Dagaa kupanda bei si lazima kuwe kumetokana na operesheni ya Serikali. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri katika kipindi cha giza. Mbalamwezi ikikomaa, wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa na mzigo hupungua. Mvua za masika nazo huharibu dagaa waliotandazwa chini kukauka. Udhibiti wa zana ni sababu mojawapo tu, na mara nyingi hulaumiwa kwa makosa ya mwezi na mvua.

Ningu wa Mto Kagera

Kwa wakazi wa Kyerwa, mfano ulio karibu kabisa upo katika mto unaoizunguka wilaya yao. Mto Kagera, unaotutenganisha na Rwanda na kisha Uganda kabla ya kushuka kuelekea Kyaka, ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingiza maji Ziwa Victoria. Kati ya samaki waliokuwa na sifa katika mto huo ni ningu.

Ningu huishi ziwani, lakini mvua kubwa zinapoanza hupanda mito kwa makundi ili kuzaa katika majani yaliyofunikwa na maji ya mafuriko, kisha hurudi ziwani. Kwa vizazi vingi wakazi wa kandokando ya mito ya ziwa hilo waliwavua kwa mitego ya kusuka iliyowekwa wakati wa kupanda na kushuka. Mitego hiyo ilichukua sehemu tu ya samaki, wengi walipita.

Nyavu za kunasa ziliingizwa Ziwa Victoria mwaka 1905. Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Michael Graham, alifanya uchunguzi wa ziwa zima, na mojawapo ya mapendekezo yake ilikuwa kwamba wavu usiwe na jicho chini ya inchi 5. Kikomo hicho kiliwekwa katika miaka ya 1930. Usimamizi wake ukawa mgumu, nyavu za macho madogo zikaenea, na kuanzia miaka ya 1950 kikomo kikaanza kuondolewa. Midomo ya mito ikazibwa kwa nyavu, na ningu waliokuwa wamejaa mayai wakanaswa kabla hawajafika mahali pa kuzalia. Katika kipindi kisichozidi maisha ya mtu mmoja, samaki aliyekuwa akiuzwa kwa mafungu alipungua kiasi kwamba vijana wengi wa leo hawajawahi kumwona sahanini.

Kisa cha ningu kinaonyesha mambo mawili ambayo mjadala wa siku hizi huyasahau. Kwanza, kudhibiti ukubwa wa jicho la wavu hakukuanza na viongozi wa juzi. Ni hoja yenye umri wa karibu miaka mia moja katika ziwa hili. Pili, waliopoteza zaidi walikuwa watu wa mtoni, wakazi wa bara kama sisi, ambao hawakuwa na nyavu wala sauti kule mdomoni mwa mto.

Nani hulipa gharama

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba kila mtu hunufaika zana haramu zinapoondolewa. Ukweli ni kwamba faida na hasara haviji siku moja, wala haviwafikii watu walewale.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 Serikali iliendesha Operesheni Sangara katika mikoa inayozunguka Ziwa Victoria, ukiwemo Mkoa wa Kagera. Makokoro, timba na nyavu za macho madogo zilikamatwa na kuteketezwa kwa moto. Wavu unapochomwa, mmiliki wake, ambaye wavuvi vibarua humwita tajiri, hupoteza mtaji. Kibarua hapotezi mtaji kwa sababu hana. Hupoteza kazi ya siku hiyo, na chakula cha siku hiyo. Kokoro moja huvutwa na kundi zima la watu. Wavu halali wa kunasa samaki huhitaji wachache, lakini huhitaji pia mtumbwi imara, injini na mafuta ya kwenda mbali. Hapo ndipo penye ugumu: zana inayokatazwa ni zana ya asiye na kitu, na zana inayoruhusiwa inamtaka awe na kitu kwanza.

Operesheni hiyo ilizusha malalamiko bungeni kuhusu namna ilivyoendeshwa. Mwezi Juni 2018 mjadala ulifika kilele pale maofisa walipopima kwa rula samaki waliokwisha kupikwa katika mgahawa wa Bunge jijini Dodoma. Tukio hilo lilichekesha wengi na kuudhi wengi, lakini lilibeba swali zito: je, kosa lifuatwe hadi kwenye sahani ya mlaji, au lizuiwe pale wavu unapotengenezwa, unapoingizwa nchini na unapouzwa dukani? Wavuvi wengi wa ziwani wanaona kwamba mnyororo unakazwa mwishoni na kuachwa mwanzoni, na hoja yao ina uzito.

Nchi jirani zimepita njia hiyohiyo. Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani mwaka 2017 kusimamia sheria ya uvuvi. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Tanzania inamiliki takriban asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6. Sangara haoni mpaka. Akilindwa upande mmoja na kuvuliwa mchanga upande wa pili, kinga hiyo huwa nusu. Kwa sababu hiyo nchi hizo tatu ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao makuu Jinja, kwa mkataba uliosainiwa mwaka 1994.

Mashaka ya mvuvi mdogo hayahusu biolojia ya samaki. Mwalo wa Nyamkazi hauhitaji somo la kwamba samaki wamepungua. Wavuvi ndio wa kwanza kulijua hilo. Wanachouliza ni nani atakula nini katika miezi ya kusubiri samaki wakue.

Funzo kutoka pwani ya bahari

Pwani ya Bahari ya Hindi imekuwa na safari ndefu zaidi katika jambo hili, na matokeo yake yanafaa kusikika huku bara.

Uvuvi wa baruti ulisumbua pwani ya Tanzania, kuanzia Tanga hadi Mtwara, tangu miaka ya 1960. Mlipuko mmoja huua samaki wote walio karibu, wakiwemo wasiookotwa, na huvunja matumbawe ambayo huchukua miongo kadhaa kuota tena. Ulikatazwa zamani, lakini katazo la karatasi halikuuzuia. Ulipungua sana kuanzia mwaka 2016, baada ya vyombo mbalimbali vya dola kuanza kufanya kazi pamoja na kufuatilia baruti zinakotoka badala ya kuwasubiri wavuvi ufukweni. Yaani mnyororo ulikazwa mwanzoni.

Zanzibar walikuwa na njia inayoitwa kigumi: wavuvi huzungushia wavu kwenye mwamba na kupiga matumbawe kwa miti ili samaki watoke. Mtu wa ziwani ataitambua mara moja kuwa ni ndugu wa katuli.

Katika pwani ya kusini mwa Kenya, ambako juya la kukokota lilikatazwa mwaka 2001, watafiti walifuatilia kwa miaka mingi mapato ya wavuvi katika fukwe zilizoliondoa na zile zilizoliacha. Fukwe zilizoliondoa zilikuja kuona samaki wakubwa zaidi, wenye bei nzuri zaidi, na pato la kila mvuvi likapanda. Hiyo ndiyo habari njema, na ni ya kweli. Lakini kulikuwa na kundi lililosahaulika katika hesabu za awali. Wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, ambao kule huitwa mama karanga, walitegemea samaki wadogo wa bei ya chini waliotoka katika majuya hayo. Samaki alipokuwa mkubwa na ghali, alinunuliwa na wafanyabiashara wenye mitaji na majokofu, akaenda hotelini. Mama karanga akabaki na karai tupu.

Hali inayofanana nayo ipo katika Ziwa Victoria. Sangara mkubwa huenda kiwandani, ambako minofu husafirishwa nje ya nchi na mabondo yake huuzwa kwa bei ya juu kuliko nyama yenyewe. Sangara mdogo ndiye aliyekuwa akikaushwa au kutiwa chumvi kuwa kayabo na kufika masoko ya bara. Kumlinda sangara mdogo ni jambo la lazima. Ila mpango wowote unaomlinda bila kufikiria meza ya mkazi wa kawaida utakuwa umehamisha kitoweo kutoka kijijini kwenda ng'ambo. Ndiyo sababu dagaa, samaki ambaye anaweza kuvuliwa kwa wingi bila kuangamizwa, anastahili uangalizi zaidi kuliko anaopata sasa. Kiasi kikubwa cha dagaa huharibika kwa kukaushiwa mchangani. Wakianikwa juu ya vichanja vya nyavu hukauka upesi, hawana mchanga, na hudumu ghalani. Kilo inayookolewa kwenye kichanja ni kilo ambayo haikuhitaji kuvuliwa tena.

Upo pia mfano wa Ziwa Tanganyika, ambako Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikubaliana kupumzisha uvuvi. Kwa upande wa Tanzania shughuli za uvuvi zilisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ubora wa njia hiyo ni kwamba kila mtu anajua tarehe ya kuanza na ya kumaliza, hivyo anaweza kuweka akiba, na mwenye mtumbwi mkubwa hukaa nchi kavu sawa na mwenye mtumbwi mdogo.

Sheria inavyomgusa mkazi wa Nyakatuntu

Mchuuzi ndiye aliye hatarini zaidi bila kujua. Katazo la samaki wachanga haliishii kwa aliyewavua. Kuwa nao, kuwasafirisha na kuwauza ni makosa pia. Anayechukua mzigo Kemondo au Bukoba kwa ajili ya kuuza Nkwenda, Kaisho au Murongo anapaswa kuwa na leseni ya biashara ya samaki na kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi, na apime mzigo wake kabla ya kuulipia. Samaki hupimwa kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Fito iliyochongwa alama mbili, ya sentimita 25 na ya sentimita 50, inatosha. Mzigo ukikamatwa njiani, aliyeuuza ziwani hatarudisha fedha.

Kijana anayekwenda visiwani afahamu kwamba leseni ya chombo ni ya mwenye chombo, lakini anayekutwa akivua kwa zana haramu hukamatwa yeye, hata kama wavu ni wa tajiri. Ni busara kuuona wavu kabla ya kukubali kazi. Vipimo vya macho ya nyavu hurekebishwa kila kanuni zinapopitiwa upya, kwa hiyo kipimo cha kufuata ni kile anachokitaja afisa uvuvi kwa sasa, na kile alichosema rafiki aliyevua miaka mitano iliyopita hakitamsaidia mtu mahakamani. Katika kila mwalo kipo kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kinachojulikana kwa ufupisho wa BMU, na mgeni anapaswa kujitambulisha huko.

Faini yoyote inayolipwa, iwe ziwani au barabarani, hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, na mlipaji hupewa stakabadhi. Anayedai fedha taslimu bila stakabadhi hakusanyi faini, na taarifa zake zifikishwe ofisi ya kata, Polisi au TAKUKURU.

Wanaovua katika Mto Kagera na maji mengine ya ndani ya wilaya wasidhani kwamba sheria ni ya ziwa kubwa pekee. Sumu, timba na nyavu za macho madogo zimekatazwa katika maji yote. Aidha, sehemu ya mto huo inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyoanzishwa mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa uvuvi wa wananchi hauruhusiwi kwa zana yoyote, hata ndoana. Anayeona samaki wakielea kwa wingi bila sababu katika kijito asiwaokote kwa kula. Atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji mara moja, na majirani wazuiwe kuchota maji hapo.

Kufuga badala ya kusubiri

Njia moja ya kupunguza shinikizo ziwani ni kufuga. Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za uvuvi na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo wa masharti nafuu. Kwa Nyakatuntu, isiyo na ufukwe, njia inayowezekana ni bwawa.

Bwawa lataka mambo matatu: udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, chanzo cha maji kisichokauka kiangazi, na mahali ambapo mafuriko ya bondeni hayatafagia kila kitu. Shimo la majaribio la kimo cha mtu, likijazwa maji na kuachwa kwa siku chache, litamwambia mkulima zaidi ya maneno ya fundi anayetaka kazi. Jambo la nne husahaulika: baridi. Sato hukua vizuri katika maji yenye joto, na miinuko ya Kyerwa ina baridi kuliko Mwanza. Samaki aliyevunwa kwa miezi sita kule anaweza kuhitaji muda mrefu zaidi hapa, kwa hiyo hesabu za faida zilizonakiliwa kutoka mkoa mwingine zisikubaliwe bila kupunguzwa. Kambare hustahimili maji machafu na yenye hewa kidogo kuliko sato, na baadhi ya wafugaji huanza naye. Vifaranga vinunuliwe kwa mzalishaji anayetambuliwa. Kuchota vifaranga ziwani ni kosa lilelile la kokoro kwa jina jingine.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuombea mradi wa bwawa, vichanja vya kuanikia dagaa au jokofu la samaki kupitia mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu, na ikarejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi kinapaswa kuwa kimesajiliwa, kiwe na akaunti ya benki ya kikundi na andiko la mradi. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, na kwa miradi ya samaki andiko lipitiwe kwanza na mtaalamu wa uvuvi wa Halmashauri, ambaye hufika kukagua eneo la bwawa kabla jembe la kwanza halijapigwa.